Volti Siyo Kasi: Imani Zinazoua Kadi za Grafiki

"Fundi, niongezee volti kidogo ikimbie." Ombi hili huja na kadi za kila aina, mpya na za mtumba, na anayeomba huwa ameshatazama video ya mtu anayevunja rekodi. Asichokitilia maanani ni ule mtungi uliokaa juu ya chipu, unaomiminiwa naitrojeni kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Yeye anakuja na feni tatu na vumbi la miaka miwili.

Tuanze na hilo, maana limenichosha. Kasi ya chipu ni megahezi. Volti kazi yake ni kuziwezesha transista kufanya kazi kwenye megahezi hizo bila kukosea, basi. Kwenye kadi za Nvidia tangu GTX 1080 ya mwaka 2016, kila kiwango cha volti kimepangiwa megahezi zake kwenye grafu, na kadi hupanda na kushuka yenyewe juu ya grafu hiyo huku ikiangalia volti iliyoruhusiwa, wati inazokula na joto. Ile mita ya volti ya MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, ukiisukuma mpaka 100 hujaongeza volti kwa asilimia 100. Umefungua vituo vichache tu vya juu vya grafu. GTX 1080 Ti itaishia volti 1.093 hata ukisukuma mpaka kipanya kivunjike.

Sasa angalia bei yake. Wati hupanda kwa mraba wa volti. Chipu inayokula wati 200 kwa volti 1.00, ukiipeleka 1.10 kwa megahezi zilezile, itakula karibu wati 242. Wati 42 hizo zote ni joto, na hujapata hata fremu moja, yaani picha moja zaidi kwa sekunde. Kadi nayo ina kikomo cha wati kilichoandikwa kwenye bayosi yake, programu iliyomo ndani ya kadi. Ikikigusa inashuka kwenye grafu: inapunguza volti, inapunguza na megahezi. Kwa hiyo umeongeza volti na gemu limekuwa zito kuliko jana, halafu unaniuliza kama kadi ni feki.

Kabla hujaniletea, fungua programu ya GPU-Z wakati gemu linaendelea, utazame mstari wa PerfCap Reason. Ikiandika "Pwr", kinachokubana ni wati. "Thrm" ni joto. "VRel" ndiyo volti. RTX 3080 inayochezeshwa gemu zito kwa 4K huandika "Pwr" karibu muda wote. Mtu wa namna hii kuongeza volti ni kujichimbia shimo.

Dawa yangu ni kushusha, na wapo wanaonitazama kama nimewatukana. RTX 3080 hutoka kiwandani na kikomo cha wati 320. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F, grafu itafunguka. Chukua nukta ya volti 0.850, ipandishe mpaka megahezi 1,800 hivi, kisha nukta zote za kulia kwake zilaze zisipite hapo. Kadi nyingi za aina hii hukubali. Ikigoma, nenda 0.875. Ijaribu kwa gemu zito saa nzima, siyo kwa kipimo cha dakika tatu. Wati hushuka kwa makumi, feni zinatulia, na fremu zinabaki palepale au karibu sana na palepale. Kwa chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Januari, hiyo ndiyo ovakloki (kuzidisha kasi) ninayoiheshimu.

Mbishi hujibu, "Basi tuidanganye kadi isihesabu wati." Hapo anazungumzia rezista za shanti, zile ambazo kadi huzitumia kupima umeme unaopita. Shanti ya miliomu 5 ukiilehemea nyingine kama hiyo juu yake zinakuwa miliomu 2.5, na kadi inasoma nusu ya umeme unaopita. Inafanya kazi, sikatai. Ila umeidanganya programu tu. Waya, plagi na mosfeti (swichi zinazoshusha umeme wa kadi) hazidanganyiki. Plagi ya pini 8 imekadiriwa wati 150, na sloti ya ubao mama wati 75. Mosfeti ya upande wa juu ikifa kwa shoti, volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye chipu iliyozoea volti moja. Chipu hiyo hairudi, hata umlete fundi gani. Na wanaokwepa kulehemu wakapaka metali ya maji (mchanganyiko wenye galiamu) juu ya shanti, wajue kwamba galiamu inakula risasi ya kulehemu iliyoishika rezista, mpaka siku moja inang'oka yenyewe.

Hiyohiyo metali ya maji wengine wanataka ikae juu ya chipu badala ya pesti ya kupitisha joto. Hitisinki, ile metali inayobeba joto la chipu, ikiwa ya alumini, galiamu itaitafuna. Ikiwa shaba, bado tone moja likimwagikia kapasita zilizozunguka chipu ni shoti. Weka pesti nzuri, ukae kwa amani.

"Pedi nene hupoza zaidi." Aliyesema haya alaaniwe! Pedi ni vile vipande laini vinavyopitisha joto la memori kwenda kwenye hitisinki. Kadi inakuja chipu ikisoma nyuzi 70 na sehemu yake ya moto zaidi nyuzi 105. Ukiifungua, unakuta pesti juu ya chipu bado ina umbo lilelile la msalaba iliyominywa nalo: hitisinki haikuigusa sawasawa. Pedi za milimita 2 zimewekwa kwenye memori iliyotaka 1.5, zikaiinua hitisinki yote. Pima za zamani kabla ya kununua, na pima sehemu ambayo haikubanwa.

Memori nayo: "haijaganda, basi iko sawa." Siyo kwa GDDR6X, aina ya memori iliyomo kwenye kadi kama RTX 3080. Hiyo hugundua makosa na kutuma data upya, kwa hiyo ukizidisha haigandi, inapunguza kasi kimyakimya. Panda megahezi 50 kila hatua, pima fremu, na zikianza kushuka rudi nyuma hatua mbili.

Kupoza kwa maji hakushushi joto chini ya lile la chumba, na vile vifaa vinavyofunika chipu peke yake huacha memori na mosfeti bila upepo. RTX 3090 ina shida hiyo hata bila maji, kwa sababu nusu ya memori zake ziko mgongoni ambako feni za kadi hazifiki, na zikifika nyuzi 110 inajipunguza kasi. Feni moja ya milimita 120 inayopuliza kwenye bamba la nyuma husaidia kuliko mengi mnayonunua.