Tarumbeta la C la zamani: kung'aa hakukuambii kitu

"Ni la miaka ya 1950, limetunzwa, ona linavyong'aa!" Tumechoka kuisikia kutoka kwa wanaouza matarumbeta ya C, yaani yale yaliyotyuniwa kwa nota ya C. Tarumbeta la umri huo lisilo na hata mkwaruzo mara nyingi limeshapitishwa kwenye mashine ya kung'arishia, na mashine hiyo inakula shaba. Ukuta wa mdomo mpana wa mbele una unene wa nusu milimita hivi. Ukiupunguza, sauti inabadilika, na hakuna fundi wa kuurudishia.

Pitisha ukucha juu ya maandishi yaliyochongwa: herufi nzima zinakwaruza, zilizosuguliwa zinateleza. Tazama namba ya utambulisho ya kiwandani kwenye silinda ya vali (kitufe cha kubonyeza) ya pili. Ikiwa imefifia huku vanishi ni mpya, umeshapata jibu: limesuguliwa. Vanishi iliyopita juu ya mkwaruzo au juu ya lehemu iliyochuruzika imepakwa baada ya matengenezo. Mimi ningelipia zaidi lile lililobanduka vanishi pale mkono wa kushoto unaposhika, kingo zake zote zikiwa bado kali.

Kung'arisha kunaficha pia kuoza kwa shaba. Mate yanaondoa zinki na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu, na mara nyingi huanzia ndani ya bomba la kupulizia. Nje utaona madoa ya waridi yenye kitone cheusi katikati. Chomoa bomba la kutyuni (linalovutwa au kusukumwa kurekebisha sauti), safisha ndani kwa brashi, mulika tochi. Bomba lililooza halitibiki, linabadilishwa tu, kwa hiyo gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Na tafadhali, usilisugue doa!

"Limeandikwa 'Mount Vernon', basi ni Bach ya Mount Vernon." Maandishi yako kwenye mdomo mpana, namba iko kwenye vali, na midomo hiyo hubadilishwa. Bach, kampuni ya Marekani ya kutengeneza matarumbeta, ilifanya kazi Mount Vernon, New York, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, kisha Elkhart, Indiana. Namba na maandishi visipokubaliana, umeuziwa mchanganyiko.

"Vali zinatoa 'pop', kwa hiyo ni nzima." Mafuta mazito huziba mwanya wa pistoni iliyolika. Futa mafuta yote, weka mepesi. Bila kubonyeza vali ya kwanza, vuta bomba lake sentimita mbili, lishikilie, hesabu hadi tano, ndipo ubonyeze. Pop ikiwa hafifu, hewa imeshapenya.

"Nota E ya nafasi ya juu kwenye mistari ya muziki inashuka chini ya sauti yake, chombo kibovu." Matarumbeta mengi ya C yako hivyo E ikipigwa bila kubonyeza vali. Wapigaji hubonyeza vali ya 1 na 2 kwa E, ya 2 na 3 kwa E flati. Ikishuka hata hivyo, hapo uulize.

"Likiwa la C, litapatana na lolote." La zamani la Ufaransa linaweza kuwa limetengenezwa kwa nota A ya 435 Hz, kipimo kilichowekwa huko mwaka 1859, chini ya 440 Hz ya leo. Nenda na tyuna (kifaa cha kupima nota), pasha chombo moto kwa kupiga dakika chache, kisha sukuma bomba la kutyuni hadi mwisho. Kama bado liko chini ya 440, liache dukani.