Mvua Ikikutana na Bamvua

Mvuvi wa Mombasa hahitaji kompyuta kujua bamvua. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari hujaa mno yapata saa kumi, ya alasiri na ya usiku, na kati ya kujaa na kupwa maji hupanda zaidi ya mita 3. Sasa chukua mtaro unaomwaga kwenye hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Maji yakipwa, unafanya kazi vizuri. Siku ya bamvua mdomo wake huzibwa na maji ya chumvi, na masika ikimwaga saa hiyo hiyo, mvua haina pa kwenda ila barabarani.

Sisi watu wa ramani huupanga mji kwenye kompyuta tabaka juu ya tabaka: mwinuko wa ardhi, nyumba, barabara, mitaro. Kisha tunanyesha mvua ya kuiga, mara bahari ikiwa imepwa, mara ikiwa imejaa. Tunapanua mtaro hapa, pale tunaacha uwanja wa kupokea maji, tunanyesha tena. Kosa la kwenye skrini halibomoi nyumba ya mtu.

Ila data nayo ina ujanja wake. Vipimo vya bure vya mwinuko vinavyotumika sana vilichukuliwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, na kila kijimraba ni kama mita 30 kwa 30. Mji wa Kale, kijimraba kimoja humeza nyumba kadhaa na vichochoro vyake. Tena rada ile huona paa au kichwa cha mnazi ikadhani ni ardhi, basi maji ya kwenye kompyuta huzunguka kilima ambacho hakipo. Ndiyo maana hatuna budi kushuka mtaani, kupima vizingiti vya milango, kufunua mitaro. Ramani inasema njia iko wazi; ndani mna mchanga, vifuu na chupa za plastiki.

Na tunawauliza wenyeji. Mama mmoja akituonyesha ukutani kwake maji yalipofika, hiyo ni data. Kompyuta ikisema gotini na ukuta ukasema kiunoni, tunairekebisha kompyuta.

Kwa hiyo mtaa wenu ukifurika, piga picha, na uandike saa. Kwa saa hiyo tutajua bahari ilikuwa imefika wapi.