Malaria inaiva siku ngapi ndani ya mbu?

Wengi tunadhani mbu akishamuuma mgonjwa, usiku huohuo anahamia kwa jirani anampa malaria. Haiko hivyo. Vimelea alivyonyonya na damu vinakaa kwanza tumboni mwake, vinapandana humohumo, vinatengeneza vifuko kwenye ukuta wa tumbo, vifuko vikipasuka ndio vinatoka vimelea vyembamba vinasafiri mpaka kwenye tezi za mate, hapo sasa akikuuma anakuachia. Na anayepanga hiyo safari ichukue siku ngapi sio mbu, ni hali ya hewa, maana mbu hana joto lake mwilini kama sisi, pakipoa naye anapoa.

Chukua falsiparumu, kile kimelea kikali tulichonacho zaidi huku kwetu. Kwenye nyuzi 25 kinahitaji kama siku 12, kwenye nyuzi 20 kama siku 28, chini ya 16 kinagoma kabisa. Sasa piga hesabu, mbu wengi huko nje hawamalizi hata wiki tatu! Yaani kwenye baridi anakufa mzigo wake haujaiva. Ndio maana Lushoto mjini, juu kule, mbu unaweza kuwaona na malaria ikawa kidogo, ila ukishuka mabonde ya Korogwe habari ni nyingine.

Unyevu nao una kazi yake, hewa ikiwa kavu sana mbu anakauka mapema, hafiki hizo siku. Mvua ni rafiki kigeugeu: shimo la kwato la ng'ombe likijaa maji na jua likalipiga, Anofelesi gambiae, mmoja wa mbu wanaoeneza malaria, anataga hapo kwa raha zote, lakini ikinyesha ya mafuriko viluwiluwi vinasombwa.

Kuna na mambo tunayojifanyia wenyewe. Milimani kusini magharibi mwa Uganda watu walifyeka mafunjo kwenye vinamasi wapate mashamba, kivuli kikaondoka, maeneo yale yakawa na joto kuliko yaliyoachwa na mafunjo yake, na nyuzi moja tu milimani si mchezo, inapunguza siku kadhaa za kuiva.

Halafu ile kauli ya "joto likizidi malaria inazidi" mi naona ni ya nusu nusu. Kutoka nyuzi 18 kwenda 21, sawa, inazidi kweli. Kutoka 30 kwenda 35, mbu wenyewe wanakufa haraka na vimelea vinashindwa kukua.