Mtoto wa jicho hangojewi aive

Wazee wengi wanaofika kwangu hapa Lubumbashi, wawe wa Katuba, wa Ruashi au wa huko Kasumbalesa, huwa wamechelewa kwa sababu ileile: waliambiwa wangoje. Jirani, muuguzi wa zahanati, mara nyingine hata daktari, amewaambia mtoto wa jicho bado hajaiva, warudi wakishakuwa hawaoni kabisa. Zamani ushauri huo ulikuwa na msingi. Siku hizi unawafungia watu nyumbani bure.

Nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu kiangavu chenye upana wa karibu milimita 9, kisicho na mshipa hata mmoja wa damu. Seli zake za zamani hazitolewi nje. Mwili huongeza tabaka jipya juu ya la zamani maisha yote, kama kitunguu, na zile za utotoni hubanwa katikati. Kwa hiyo protini za katikati ya lenzi ya nkambo wa miaka 75 nazo zina miaka 75. Zikichakaa hushikamana na kubadilika rangi, kwanza manjano, halafu kahawia, na mwanga haupiti tena sawasawa. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Hakuota juu ya jicho, yumo ndani, na hakuna dawa ya matone inayomwondoa. Narudia: hakuna, hata ile ya bei kubwa uliyoletewa na mtoto wako aliye Ulaya.

Tena kuna matone yanayomleta. Deksametasoni, ambayo watu hununua dukani bila karatasi ya daktari kwa sababu inatuliza jicho jekundu kwa siku moja, ikitumiwa miezi mingi hupandisha presha ndani ya jicho na kuharibu lenzi. Ugonjwa wa sukari, sigara, jua kali la miaka mingi na pigo la jicho navyo humharakisha. Joto la tanuru pia: limejulikana tangu zamani kwa wapuliza vioo na wayeyusha chuma, ndiyo maana mstaafu akiniambia alikuwa kwenye kuyeyusha madini namuuliza alifanya miaka mingapi.

Dalili huja polepole na bila maumivu, hapo ndipo familia inapodanganyika. Mama anachagua kikwembe sokoni akidhani ni cheusi, kumbe ni bluu. Tata hataki tena kutembea jioni kwa sababu taa za magari zinamtawanyikia machoni. Miwani inabadilishwa kila mwaka na haisaidii. Na kuna ile inayofurahisha watu: mzee aliyekuwa hasomi bila miwani anaanza kusoma Biblia kwa macho matupu, anasema ujana umemrudia. Lenzi imekuwa nzito katikati, basi jicho limekuwa la kuona karibu. Haidumu.

Sasa, kwa nini watu walikuwa wanangojeshwa? Zamani daktari alitoa lenzi nzima pamoja na kifuko chake, na jicho likabaki bila lenzi. Mgonjwa alivaa miwani minene iliyokuza kila kitu na kupinda milango pembeni. Mtu anayeona nusu angepata hasara, hivyo ilikuwa heri kungoja. Mwaka 1949 huko London, daktari wa macho Harold Ridley aliweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kuleta uvimbe. Wenzake walimpinga miaka mingi. Leo lenzi ya aina hiyo ndiyo kawaida, na saa ya kupasuliwa ni pale uoni unapomzuia mtu kufanya kazi zake: kupima unga wa bukari, kuhesabu noti, kushuka ngazi bila kushikwa mkono.

Kungoja kuna gharama. Lenzi iliyoiva sana huwa ngumu na kubwa, kuitoa ni kazi zaidi. Ikipitiliza inaweza kuvuja na kupandisha presha ya jicho, na hapo mzee hulia kwa maumivu usiku.

Aliyechelewa sana nampima hivi. Nazima taa, naziba jicho moja, namwangazia tochi ndogo kutoka pande nne.

“Mama, mwanga uko wapi?”

“Juu.”

“Sasa?”

“Kushoto.”

Akijibu pande zote, nina matumaini: retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, na mshipa wa fahamu wa jicho bado vinafanya kazi nyuma ya ukungu. Asipojua mwanga unatoka wapi, mara nyingi kuna jambo jingine, hasa glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, ile ambayo wengi hapa huiita tansio ya macho. Kinachopotea kwa glakoma hakirudi, hata kwa upasuaji. Kwa hiyo asiyeona vizuri asijipe jina la ugonjwa mwenyewe na kukaa, apimwe. Na jicho lililopoteza uoni ghafla, au linalouma, haliwezi kungoja hata Jumatatu.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Ganzi inachomwa kando ya jicho, mgonjwa yuko macho, anatusikia tukizungumza. Kwa njia inayotumika sana Afrika tunakata mlango mdogo kwenye sehemu nyeupe, tunafungua kifuko upande wa mbele, tunatoa lenzi ya kahawia, tunaweka mpya humohumo. Mlango hujifunga wenyewe, mara nyingi bila uzi. Baadaye ni matone ya wiki kadhaa, kutosugua jicho, kutobeba mzigo. Jicho likiuma, likawa jekundu na kuona kukapungua, rudi siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya karatasi. Miwani ya kusomea wengi bado wataihitaji. Miezi au miaka baadaye kifuko kilichobaki kinaweza kuingia ukungu. Hicho hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache, hatupasui tena.

Ukimleta mzazi, leta na miwani yake ya zamani na dawa zote anazokunywa, ndani ya mfuko mmoja. Wazee wa kiume huona haya kutaja dawa ya tezi dume. Moja ya dawa hizo, tamsulosini, hulegeza ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, ikawa inapepea wakati wa upasuaji, na athari hiyo inaweza kubaki hata baada ya kuacha kuimeza. Nikijua mapema najiandaa. Asiyetaka kusema mbele ya watoto wake aniambie tukiwa wawili tu.