Shoo 2,263, nyimbo zile zile: unachaguaje rekodi za laivu za Ramones?

Ramones walipiga shoo 2,263 kuanzia 1974 mpaka 1996, na ukikaa ukasikiliza rekodi zao za laivu unagundua haraka kwamba usiku mwingi walikuwa wanapiga karibu nyimbo zile zile, kwa mpangilio unaokaribiana, na kati ya wimbo na wimbo hamna hadithi, hamna utani, ni mpiga besi Dee Dee anapiga kelele "1-2-3-4!" alafu wanaondoka tena. Sasa mtu akikwambia haya, tukusanyie boksi la laivu la maisha yote ya bendi hii, CD tano hivi, unaanzia wapi? Ukichagua kwa kuangalia shoo ipi ina nyimbo zipi utaishia na CD tano zinazofanana, na mnunuzi atasikiliza ya kwanza tu, zingine zinakaa kabatini.

Mimi ni fundi mitambo, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kanda za zamani, kuzisafisha, kuzirudisha kwenye spidi yake, kuzipanga ziweze kutoka tena. Na Ramones sijawahi kufanya kazi, hilo niliseme mapema. Nawatumia wao kwa sababu laivu zao nyingi zimeshatoka rasmi, kwa hiyo unaweza kuzisikiliza mwenyewe ukaja kunibishia. Kama huwajui: vijana wanne wa Queens, New York, jaketi za ngozi, nyimbo za dakika mbili, na bila wao sijui kama punk ya Uingereza, yaani ile rock ya haraka isiyo na mapambo, ingesikika vile ilivyosikika.

Msimamo wangu ni huu. Kwa bendi ya namna hii huchagui nyimbo, unachagua mapigo: nani yuko kwenye dramu, anakimbia kiasi gani, na ukumbi unamjibu vipi. Joey kwenye sauti na Johnny kwenye gitaa walikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Kilichobadilika ni nyuma. Tommy alipiga dramu mpaka 1978, na huyu hata hakuwa mpiga dramu, alikuja kama meneja, wakajaribu watu wakakosa anayeweza kupiga kitu rahisi bila kujipamba, akakaa mwenyewe. Akafuata Marky, aliyetoka bendi ya Richard Hell, akatolewa 1983, akaingia Richie mpaka 1987, alafu Marky akarudi mpaka mwisho. Hapo katikati Clem Burke wa bendi ya Blondie aliingia kwa shoo mbili tu Agosti 1987. Mbili! Na sio kwamba hakujua dramu, alikuwa mmoja wa wapigaji bora wa kizazi kile, ila mwendo wa Ramones haukuwa mwendo wake. Kwenye besi Dee Dee aliondoka 1989 akaja C.J. Kwa hiyo ukiacha Clem, nyuma ya Joey na Johnny kuna Ramones kama wanne hivi (wa Tommy, wa Marky, wa Richie, na wa Marky na C.J.), na boksi lazima liwaonyeshe wote wanne, hata kama kanda ya mmoja wao ni mbaya.

Bendi zingine hazitaki njia hii. The Clash walitoa From Here to Eternity mwaka 1999, wimbo mmoja umetoka ukumbi huu wa 1978, unaofuata umetoka kwingine kabisa 1982, na mziki unakaa sawa kwa sababu Clash walikuwa wanabadilika, leo rege kesho rokabili (rock ya miaka ya 50), kwa hiyo kuruka ruka kunaendana na tabia yao. Fugazi wa Washington DC nao walipanda stejini bila orodha ya nyimbo, wakarekodi zaidi ya shoo 800 kati ya zile elfu moja na kitu walizopiga, alafu kuanzia 2011 wakaanza kuziweka mtandaoni, chagua mwenyewe. Yaani kazi ya kuchuja wakamwachia msikilizaji, na kwao inafaa maana kila usiku ni tofauti. Ukifanya hivyo kwa Ramones utamuua mtu kwa uchovu.

Na kuunga vipande vya shoo tofauti kwa Ramones ni kujitafutia balaa kwa sababu nyingine ya kifundi. Wimbo ukiisha, ule mlio wa gitaa bado unalia wakati Dee Dee anahesabu, hamna sekunde ya kupitisha mkasi. Alafu spidi inapanda humo humo ndani ya shoo, wimbo wa kumi haukimbii kama wa kwanza, kwa hiyo ukichomeka kipande cha usiku mwingine sikio linagundua hata kama mtu hawezi kukwambia kuna nini. Shoo nzima au acha.

Haya, tuje kwenye kanda zenyewe. Kwa jumla unakutana na aina tatu. Kuna kanda ya treki nyingi, 16 au 24, iliyorekodiwa na gari maalumu lililopaki nje ya ukumbi, kila chombo na mstari wake, hapo unaweza kumiksi upya. Kuna kanda ya mixa, yaani mtu kachomeka kaseti kwenye mixa ya ukumbini (ile meza ya kuchanganyia sauti), ikachukua kile kinachoenda kwenye spika. Na kuna kanda ya shabiki, aliyeficha rekoda ndani ya jaketi.

Wengi wanadhani kanda ya mixa siku zote inaishinda ya shabiki. Sio kweli, hasa kwenye punk, na hapa nataka nikae kidogo. Fikiria klabu ndogo. Johnny ana ampu za Marshall, zinalia kiasi kwamba ukumbi mzima unazisikia zenyewe, kwa hiyo fundi wa shoo hana sababu ya kulipandisha gitaa kwenye mixa, atalishusha mpaka chini, dramu vile vile, anapandisha sauti ya Joey tu ili isimezwe. Watu ukumbini wanasikia mziki umebalansi vizuri. Kanda ya mixa je? Ni Joey anaimba peke yake mbele, na kwa mbali kuna kitu kama jirani anapigilia misumari. Haifai! Ukumbi ukiwa mkubwa ndo mambo yanabadilika, maana pale kila kitu lazima kipite kwenye spika kubwa, kwa hiyo mixa inakuwa na kila kitu. Ndo maana klabu zenye historia kubwa sa ingine zina kanda mbovu za mixa, na kumbi kubwa ambazo hakuna anayezikumbuka zina kanda safi.

Kanda ya shabiki kwenye klabu ile ile inaweza kuwa na gitaa lote, dramu zote, na watu, ila inategemea kasimama wapi. Akiwa mbele ya ampu ya Johnny basi umepata gitaa na hamna besi. Ukibahatika kuwa nazo zote mbili za usiku mmoja, ya mixa na ya shabiki, unaziweka pamoja, ya mixa inaleta sauti, ya shabiki inaleta ukumbi, lakini kaseti mbili hazitembei spidi moja hata siku moja, kwa hiyo unakaa unazivuta kidogo kidogo, wimbo kwa wimbo, mpaka zikae. Ni kazi ya kuchosha na hailipi vizuri ila matokeo yake aisee.

Spidi sasa. Kwa bendi nyingine kanda ikienda mbio asilimia tatu unasema ah, mziki umechangamka. Kwa Ramones huwezi, kwa sababu spidi ndo hadithi yenyewe! Ukiweka kaseti inayokimbia ya 1980 karibu na iliyolala ya 1985 umeshadanganya watu kuhusu bendi nzima. Na usitegemee gitaa kupima, wapiga gitaa wa punk hawatuni kwa kifaa cha kupimia noti, wanatuni kwa kupatana wao kwa wao. Mimi naanza na mvumo wa umeme. Marekani umeme ni Hz 60 (mizunguko 60 kwa sekunde), Uingereza ni 50 kama hapa kwetu, na ampu nyingi za zamani zinaacha ule mvumo kwenye kanda, hausikiki sana ila kwenye programu ya kuchora masafa unauona umenyooka kama mstari. Kanda ya New York ikinionyesha mvumo kwenye Hz 62 najua inakimbia zaidi ya asilimia tatu, naishusha. Mtego wake ni kwamba kanda inayonakiliwa inabeba pia mvumo wa mashine iliyoinakili, kwa hiyo shoo ya New York iliyonakiliwa London inaweza kuwa na mivumo miwili, na wa kufuata ni wa ukumbini, sio wa sebuleni kwa mtu.

Mengine ya kifundi nayapitia haraka: kanda za miaka ya 70 na 80 za aina kama Ampex 456 gundi yake imevuta unyevu, ukiicheza inanata kwenye mashine na kuacha mziki humo, kwa hiyo inaokwa kwanza kwa joto dogo la nyuzi 50 na kitu kwa masaa kadhaa alafu unanakili haraka. Usijaribu na oveni ya jikoni tafadhali. Na mtu akikuletea faili anasema limetoka kwenye kanda halisi, angalia juu kwenye masafa, kama limekatwa kisu pale kHz 16 ujue lilishapita kwenye MP3.

Sasa ubora wa shoo yenyewe. Mfano wangu mkubwa ni It's Alive, albamu yao ya laivu. Mwishoni mwa Desemba 1977 Ramones walirekodiwa usiku minne Uingereza: Birmingham, Stoke, Aylesbury, alafu mkesha wa mwaka mpya ukumbi wa Rainbow, London. Ikachaguliwa Rainbow, nyimbo 28 ndani ya dakika kama 54, na inasemekana sababu mojawapo ni kwamba watu waling'oa viti mistari kama kumi wakavirusha kuelekea stejini. Boksi la miaka 40 lilipotoka 2019 zile usiku tatu nyingine nazo zikawekwa, kwa hiyo sasa hivi unaweza kulinganisha mwenyewe. Mimi nimelinganisha sana tu. Upigaji wa usiku mwingine uko sawa na wa London, kuna sehemu nadhani umekaza zaidi. Ila Rainbow ina kitu ambacho Johnny anakijibu, unasikia nyomi inapanda na yeye anakaza mkono, huo mkono unaoshuka chini tu, chini, chini, kwa dakika 54. Walichagua sawasawa.

Makosa ya kupiga siyagusi. Kuna desturi ya kurudi studio na kuweka gitaa upya juu ya laivu, bendi nyingi zimefanya, na sipendi, hasa ukichukua shangwe za shoo moja ukazimwaga kwenye nyingine. Shoo ya mwisho kabisa, Hollywood, tarehe 6 Agosti 1996, Dee Dee alirudi kama mgeni kuimba wimbo mmoja akapotea kwenye maneno, na kwenye We're Outta Here!, albamu ya shoo hiyo, wakamwacha hivyo hivyo. Vizuri sana.

Kwa hiyo boksi langu. CD ya kwanza ukumbi wa Roxy, West Hollywood, Agosti 12, 1976, miezi minne baada ya albamu ya kwanza, Tommy kwenye dramu, na mashabiki wa California bado wanashangaa hiki ni nini. Usiku ule walipiga mara mbili na zote zimetoka, mimi nachukua moja tu. Ya pili Rainbow, lazima. Ya tatu Palladium, New York, mkesha wa mwaka mpya 1979, ambayo ilitoka 2019, ili umsikie Marky: Tommy alikuwa anasukuma kama mtu anayetembea haraka, Marky anakimbia kabisa. Ya nne ni ya Richie, na huku ndo kwenye shida maana miaka yake minne imerekodiwa rasmi kidogo sana, wakati ndo kipindi walichokaribia zaidi hardcore, ile punk ya kasi na ukali zaidi. Hapa ningekubali kanda ya shabiki iliyo chafu, mono, na mtu anakohoa karibu na maiki, kabla sijakubali boksi lisilo na Richie. Ya tano Barcelona, Machi 1991, Marky na C.J., ile ya albamu ya Loco Live, ambapo baadhi ya nyimbo za 1976 zimekuwa kama zinateremka mlima bila breki. Na ya sita Hollywood 1996.

Shida ni pesa. Nyimbo fupi ni ghali! Marekani mwenye wimbo analipwa kwa kila wimbo kwa kila nakala, kiwango cha 2024 kilikuwa senti 12.4 kwa wimbo usiozidi dakika tano, haijalishi ni wa dakika nne au wa sekunde tisini. CD moja ya nyimbo 28 ni kama dola 3.47, CD sita za namna hiyo zinagusa dola 20.83 kwa kila boksi, kabla hujalipa karatasi, picha wala mimi. Bendi inayopiga nyimbo kumi na mbili za dakika nne nne kwa CD hailipi hata nusu. Unaweza kuongea na wenye nyimbo wakashusha, lakini lebo ikiona hesabu hiyo itakwambia toa CD moja, na watu wengi wangemtoa Richie kwa sababu saundi yake ni mbaya. Mimi ningeitoa Hollywood. Ina Lemmy wa Motörhead, ina Eddie Vedder wa Pearl Jam, ina majina ya kuandika kwenye stika, lakini mapigo yake tayari unayo Barcelona, na aliyeitaka kwa ajili ya wageni alishainunua tangu 1997.