Uzito wa ekseli: maana yake kwa msafirishaji wa magogo

Dereva wa magogo anapoambiwa kwenye mzani kwamba amezidisha ekseli, haina maana kwamba shehena yake yote imepita kiwango. Maana yake ni kwamba ekseli moja, au kundi la ekseli zilizokaa pamoja, inaikandamiza barabara kuliko inavyoruhusiwa, hata kama ekseli nyingine za lori hilohilo zina nafasi ya kutosha. Uzito wa ekseli ni ule uzito unaofika ardhini kupitia magurudumu ya ekseli husika, na kwa mtu anayenunua tela la kubebea magogo katika Mkoa wa Tanga, dhana hii ina faida kuliko kujua tela lina urefu wa mita ngapi.

Viwango vinatokana na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwezi Machi 2019. Ekseli ya usukani hupewa tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18, na tatu za pamoja tani 24, huku uzito wa jumla ukiwa haupaswi kuzidi tani 56. Ukijumlisha, kichwa, yaani lori la kuvuta, cha ekseli tatu kinachovuta semi ya ekseli tatu (tela ambalo mbele yake huegemea kichwa) kinaishia tani 50, uzito wa gari lenyewe ukiwemo. Ukali wa viwango hivi una sababu. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uzito umeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, lakini barabara inaumia mara mbili.

Magogo yana tabia inayoyatofautisha na saruji au mahindi, kwa kuwa uzito wake haujaandikwa popote. Chukua mtiki wa Longuza, wilayani Muheza. Gogo la mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 40 lina ujazo wa karibu nusu mita ya ujazo. Likiwa limekatwa jana, limejaa maji na lina takriban nusu tani. Likikauka vizuri hubaki na kilo 330 hivi. Wakataji wa mitiki wa Myanmar waliijua tofauti hiyo tangu zamani, ndiyo maana waliuchonga mti kuuzunguka shina na kuuacha ukauke ukiwa umesimama, kwani gogo bichi lisingeelea mtoni. Kwa hiyo tela lilelile, likiwa limejazwa hadi kwenye ncha za nguzo zake za pembeni, linaweza kuwa halali kwa magogo makavu na kuzidisha kwa mabichi.

Jambo la pili ni mahali mzigo ulipokaa, na hapa ndipo wengi huponzwa. Tuseme semi imebeba tani 32, na kutoka pini inayoishika kwenye kichwa hadi katikati ya ekseli zake za nyuma ni mita 8. Shehena ikisogezwa mbele nusu mita tu, tani 2 huhama kutoka ekseli za tela kwenda kwenye kichwa. Hakuna gogo lililoongezwa, lakini kiwango cha tani 18 cha ekseli za nyuma za kichwa huenda kimekwisha kupitwa. Kosa hili mara nyingi huanzia mikononi mwa wapakiaji: gogo lina upande wa shina ulio mnene na upande wa ncha ulio mwembamba, na wakiyalaza yote mashina yakielekea mbele, kwa kuwa ndivyo yalivyoburutwa kutoka msituni, uzito wote unaelemea huko. Dawa yake ni kuyapishanisha, shina la hili likae kando ya ncha ya lile. Uzito ukizidi nyuma nako kuna balaa jingine, kwani kichwa huinuka, usukani unakuwa mwepesi na dereva hupoteza kona bila kuelewa sababu.

Ndipo tunaweza kuchagua tela. Semi huegemeza sehemu ya mzigo kwenye magurudumu yanayosukuma, jambo linaloyapa mshiko kwenye udongo mwekundu uliolowa. Lakini katika kona kali hukata kwa ndani. Pulling, yaani tela lenye ekseli mbele na nyuma linalovutwa nyuma ya lori, hubeba mzigo wake wote kwa ekseli zake zenyewe na huifuata njia ya lori kwa karibu zaidi, ila kuirudisha nyuma kwenye njia nyembamba ya msituni ni kazi ngumu. Kwa anayeteremsha magogo kutoka Shume kupitia Lushoto na Soni hadi Mombo, naona ni afadhali lori fupi la ekseli tatu lisilo na tela lilete magogo bondeni, kisha semi iyapokee barabara kuu. Gharama ya kupakia mara mbili ni kubwa, lakini kwenye mteremko ule kila breki husukuma uzito kwenye ekseli ya mbele, na magogo yenye magome yanayobanduka huteleza kuelekea kebini. Ukuta wa chuma mbele ya shehena si pambo, na minyororo lazima ikazwe upya baada ya kilomita chache kwa sababu magogo hujipanga yakiwa njiani.

Tela la mifupa mitupu, lisilo na sakafu, ni jepesi, na kila tani iliyopungua kwenye chuma ni tani ya magogo. Lakini anayetaka kurudi na saruji ya Tanga ahitaji tela la sakafu lenye nguzo za kuchomoa, na akubali kubeba magogo machache zaidi.

Marekebisho yote haya hufanyika kwenye uwanja wa kupakilia, kwa kuwa huko mzanini mara nyingi hakuna mashine ya kuinulia magogo. Baada ya safari ya kwanza iliyopimwa ikaonekana sawa, piga mstari wa rangi kwenye chesisi pale katikati ya shehena ilipoangukia, ili mpakiaji wa safari ijayo aanzie hapo.