Mteja aliyetaka doa

Nilipokuwa najifunza kazi ya kusafisha picha, mteja akirudi na doa jekundu pembeni ya picha ya harusi, tulijua siku hiyo kuna ugomvi. Anataka pesa yake. Ukimwambia kosa ni la kamera, mlango wake haufungi sawasawa, anakuangalia kama mwizi. Sasa mwezi uliopita binti mmoja alirudi dukani na bahasha ya picha zake, uso ameukunja. "Shikamoo fundi. Mbona hamna yale madoa ya moto?"

Ilibidi nimwombe arudie swali. Kumbe kabla hajapiga picha nilikuwa nimemzibia Holga yake, kamera ya plastiki, kwa tepu nyeusi, mlango wote, hadi kidirisha cha nyuma, nikijua namsaidia. Picha zilitoka safi. Yeye alikuwa ameagiza kamera ile kutoka mbali kwa sababu ya uchafu.

Tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na vijana wengine watatu, kila mmoja kwa namna yake: hizi kamera za plastiki zina siri gani, na je, ninunue? Nimesafisha mikanda yake ya kutosha kuwa na la kusema.

Tuanze na zilikotoka, maana nazo zina ukoo. Kamera iitwayo Diana ilitengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kiwanda cha Great Wall Plastic kilichokuwa Kowloon. Ilikuwa ya plastiki karibu yote hadi lenzi, ikauzwa Marekani na Uingereza kwa dola 1 hivi, mara nyingine ikitolewa kama zawadi kwenye michezo ya maonyesho. Holga ni mdogo wake, naye kazaliwa Hong Kong, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mikononi mwa Lee Ting-mo. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kikantoni, ho gwong, yaani mwanga mwingi. Lee aliwalenga Wachina wa kawaida ambao hawakuwa na uwezo wa kununua kamera ya kioo na chuma, na mkanda uliokuwa rahisi kupatikana China wakati ule ulikuwa ule mpana, wa 120. Haukupita muda mkanda mwembamba wa milimita 35 ukaingia na kutawala soko, na Holga ikakosa watu iliotengenezewa. Waliokuja kuiokoa ni wasanii na wanafunzi wa ng'ambo, ambao wangeweza kununua kamera nzuri kuliko hiyo na hawakutaka.

Watu huichanganya na Lomo, kamera ya Kirusi, na hapa naomba nimtetee Mrusi. Lomo LC-A si kamera ya kuchezea. Ilitoka mwaka 1984 katika kiwanda cha LOMO, Leningrad, kwa kuigiza kamera ndogo ya Kijapani, Cosina CX-2. Ina lenzi ya kioo na inapima mwanga yenyewe. Wanafunzi wa Vienna waliikuta Prague mwaka 1991, wakaipenda, mwaka uliofuata wakaunda chama, na chama kikawa kampuni. Kampuni hiyo ndiyo baadaye ikauza Holga na kuifufua Diana, pamoja na kanuni zake kumi ambazo kwa ufupi zinasema: usifikiri, piga. Ni biashara iliyofanywa kwa akili sana. Ukimuuzia mtu kamera mbovu ukamwambia ubovu ndio uhuru, hatarudi kulalamika.

Lakini si kila kitu ni maneno ya wauzaji. Picha ya Holga ina mvuto wa kweli, na unaelezeka.

Lenzi ya kamera ya kawaida ina vioo vitatu, vinne au zaidi, kila kimoja kikirekebisha kosa la mwenzake. Holga ina kipande kimoja tu cha plastiki, kimebonyea kama kisahani, na hakina mwenza wa kukirekebisha. Picha inayotupwa na kipande hicho haitui bapa, inajikunja kama bakuli, ilhali mkanda nyuma yake umenyooka. Kitako cha bakuli kinagusa mkanda, ndiyo maana uso wa mtu aliye katikati unaonekana vizuri. Kadiri unavyokwenda pembeni, bakuli linauacha mkanda, na picha inayeyuka. Halafu nguvu ya mwanga inapungua kabla ya kufika konani, na pembe nne zinaingia giza. Jicho la mtazamaji halina pa kwenda isipokuwa katikati. Mpigapicha wa studio alilitafuta jambo hilo kwa mapazia na taa tatu. Hapa linakuja lenyewe.

Waliotengeneza zile kamera za kutupa, ambazo Fujifilm ilianza kuuza Japani mwaka 1986, walilijua tatizo la bakuli. Ukiivunja nyingi ya kamera za aina hiyo (mimi huzivunja kutoa mkanda, na kapasita ya flashi imeshanipiga shoti zaidi ya mara moja) utakuta njia ya mkanda imepindwa kidogo kulifuata umbo la picha. Ndiyo maana picha za kamera za kutupa ni safi kuliko za Holga, japokuwa lenzi nayo ni ya plastiki. Usafi huo ndio uliozinyima mashabiki wa aina ya yule binti.

Tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Holga ina kasi moja ya shata, kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, karibu sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Juu ya lenzi kuna swichi yenye picha ya jua na picha ya wingu. Katika Holga za zamani swichi hiyo ilikuwa danganya toto: tundu lililo nyuma yake lilikuwa dogo kuliko matundu yote mawili ya swichi, kwa hiyo uweke jua, uweke wingu, mwanga ni uleule. Kwenye karatasi lenzi ni f/8, na namba hiyo ikikua tundu linakuwa dogo. Waliolipima tundu hilo wanapata kama f/13.

Wazee wa studio walikuwa na kanuni moja: juani, weka tundu 16, na shata ilingane na namba ya mkanda, ile inayoonyesha wepesi wake wa kunasa mwanga. Mkanda wa 400 unataka sehemu 1 ya 400 ya sekunde. Holga inakupa 1 ya 100, yaani mwanga mara nne, na tundu lake, pana kidogo kuliko 16, linaongeza kama mara moja na nusu. Zidisha, unapata karibu mara sita. Saa saba mchana, ufukweni Coco Beach, umeumwagia mkanda wako mwanga mara sita ya unaohitaji, na picha bado inatoka! Hapo usiisifu kamera. Sifu mkanda. Mkanda wa rangi wa negativu unavumilia mwanga uliozidi hata mara nane, ukarudi umekuwa mweusi kidogo tu, na mimi naurekebisha wakati wa kuchapa. Mkanda wa slaidi, ambao wenyewe ndio picha bila kupitia negativu, hauna subira hiyo. Ukiutia kwenye Holga mchana wa Dar unaungua.

Upande wa pili hauna huruma. Mwanga ukipungua, negativu inatoka nyeupe kama maji, na hakuna fundi atakayekuletea kitu ambacho hakikuandikwa. Nusu ya mikanda ya Holga ninayoletewa imepigwa ndani ya nyumba, usiku, kwenye sherehe, bila flashi. Mtu ameambiwa asifikiri, naye hakufikiri. Mahali Holga na mkanda wa 400 vinapopatana ni kivulini kweupe: chini ya mwembe, barazani, uchochoroni saa nne asubuhi. Kivuli cha namna hiyo kinataka mwanga mara nane kuliko juani, na kamera inakupa sita. Karibu sawasawa kabisa, bila kupima chochote.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Uzuri mwingi wa Holga ni upana wa mkanda wa 120. Negativu yake ni kama sentimita 5.6 kila upande. Eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya milimita 35. Unapokuza picha, unaikuza kidogo, na kasoro zinabaki laini kama ukungu wa asubuhi. Chukua lenzi ya ubora uleule, iweke kwenye kamera ya milimita 35, kasoro zilezile zinakuzwa maradufu, na unachopata kinafanana na picha mbovu tu. Zile zinazogawa fremu nusu, upige picha 72 kwenye mkanda wa 36, zinaongeza tatizo. Nazielewa, mkanda ni ghali na mtu anataka picha nyingi. Ila usitegemee itoke kama uliyoiona imesifiwa, maana uliyoiona ilipigwa kwa 120.

Na gharama ndiyo penye mtego. Mtego wenyewe ni wa zamani: mwaka 1900 Kodak iliuza Brownie, kisanduku chenye lenzi, kwa dola 1, na mkanda wake wa picha sita kwa senti 15. Faida haikuwa kwenye kisanduku. Leo Holga unainunua mara moja, lakini kila picha 12 unanunua mkanda mwingine, ambao mimi mwenyewe nauagiza nje, kisha unanilipa kuusafisha, kisha kuuskani. Kabla ya kununua kamera, piga hesabu ya mikanda kumi. Ikikutisha, nunua kamera kuukuu ya kioo ya milimita 35 kwa mzee yeyote aliyeacha kazi ya picha. Itakufaa zaidi.

Nimewahi kuulizwa kama kuna mtu wa maana anayeitumia. Yupo. Mwaka 2000 mpigapicha wa habari David Burnett alimpiga picha mgombea Al Gore kwa Holga kwenye kampeni ya urais wa Marekani, na picha ile ikashinda tuzo. Burnett alikuwa na miaka zaidi ya 30 kazini, alijua wapi pa kusimama. Tena ile picha ya mraba mliyokuwa mkiiona Instagram ina undugu na kisanduku hiki: Kevin Systrom, mmoja wa waanzilishi, akiwa mwanafunzi Florence, Italia, alinyang'anywa kamera yake nzuri na mwalimu, akapewa Holga. Programu ilipotoka mwaka 2010 ilikuwa na picha za mraba na rangi zilizochakazwa makusudi. Kwa hiyo vijana walizoea sura ya Holga simuni kwanza, ndipo wakaitafuta Holga. Sasa gurudumu limezunguka tena: mwaka 2025 imetoka Kodak Charmera, kamera ya dijitali ya kuning'iniza kwenye funguo, megapikseli 1.6, imefichwa ndani ya boksi usijue umepata rangi gani. Hiyo sina la kuisemea, haina mkanda wa kuniletea.

Ukishaamua kununua Holga, mambo machache. Kiwashio cha shata kinashuka pembeni ya lenzi, na ukikibonyeza kinaivuta kamera yote chini. Weka kidole gumba chini yake kiizuie. Angalia swichi ya chini iwe kwenye N. Mkanda wangu wa kwanza wote niliupiga ikiwa kwenye B, shata imekaa wazi muda wote nilioibonyeza, nikapata mawimbi 12. Weka kipande cha sponji chini ya mkanda pande zote mbili ujikunje kwa kukaza. Ukilegea, mwanga unaingia kwenye kingo zake ukiutoa. Na kamera haikuzuii kupiga mara mbili pale pale, kwa hiyo zoea kuzungusha mkanda mara tu baada ya kupiga.

Yule binti nilimwambia madoa yake si bahati. Lenzi inageuza picha, juu inakuwa chini, kushoto inakuwa kulia, lakini mwanga unaovuja mlangoni haupiti kwenye lenzi. Kwa hiyo ufa ukiwa juu kushoto ya kamera ukiwa umeishika, doa litatokea chini kulia ya picha. Hakuamini. Nikambandulia tepu kipande cha upana wa kidole, juu kushoto, nyingine nikaiacha, nikamwambia aiache kamera juani dakika chache kabla ya kila picha.

Mkanda aliuleta Jumamosi. Picha ya tatu ni ya bibi yake barazani anachambua mchele, na chini kulia, karibu na ungo, mwanga mwekundu kama kaa la moto. Alilipa, akaomba nimbandulie na upande wa pili.